Mnyonya damu alikuwa ni mume

(Maneno niliyosema kwenye kikao chetu cha wapenda stori, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, msinilaumu kwa mpangilio.)

Asanteni jamani, kaeni, kaeni, wale wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo, mimi sing'ati. Au tuseme sing'ati kabla jua halijazama.

Haya. Mmenipa mada ambayo nilipomwambia mama watoto akaniuliza kama nimekosa kazi. Korti ya mavampaya wa zama za kati, yani wale wafu wanaonyonya damu, wanaishi kwa uungwana wa manaiti, wale askari wa farasi tunaowaona kwenye muvi wamevaa chuma mwili mzima, alafu wanaendesha mambo yao yote kwa sheria za mapenzi ya kasri, yani yale ya naiti kumpenda na kumuimba kwa siri bibi mkubwa, mara nyingi mke wa mtu. Nikamwambia mama watoto hii sio mada ya kuchekea, hii mada imenikosesha usingizi miezi mitatu.

Ilianza hivi. Mwaka jana sisi watu watano tulikuwa tunakutana kila Jumamosi usiku kucheza gemu la kuigiza, lile la mezani, karatasi na dadu, kila mtu ana mhusika wake na mmoja anaongoza stori. Tukakubaliana safari hii tuwe mavampaya, lakini sio vampaya wa mjini wa koti la ngozi na miwani nyeusi, tukasema twende Ufaransa, mji wa Troyes, miaka ya 1180, kwenye kasri la bibi mmoja asiyekufa. Bibi anakaa kwenye kiti chake, mavampaya wenzie wanamletea kesi za mapenzi, nani kamkosea nani, nani kamtongoza nani bila adabu, na yeye anatoa hukumu. Hariri, mashairi, kupiga magoti, damu kwenye kikombe cha fedha. Kwenye karatasi ilikuwa tamu balaa. Wiki ya kwanza moto, wiki ya pili sio mbaya, wiki ya tatu jamaa mmoja akasinzia mezani na dadu mkononi, na sio utani, alikoroma.

Nikawa najiuliza tumekosea wapi manake kila kitu kilikuwepo. Ndo nikaanza kusoma watu wa wakati ule wenyewe waliandika nini kuhusu mapenzi na kuhusu wafu wanaotoka makaburini, na nilichokikuta ndo nimekuja kuwaambia leo: tulimvisha meno mtu siye.

Tuanze na kasri lenyewe, hilo lilikuwepo kweli. Troyes ulikuwa mji mkubwa wa jimbo la Champagne na hela yake ilitoka kwenye magulio, yani wafanyabiashara kutoka Flanders, jimbo la kaskazini huko, wanashusha vitambaa vya sufi, Waitaliano wanapanda na viungo na hariri, wanakutana hapo kwa mwezi na zaidi, mtawala wa jimbo anachukua ushuru wake. Mtawala huyo alikuwa anaitwa Henri, watu wakimwita Mkarimu, na mkewe ndo huyu Marie de Champagne, kazaliwa 1145, baba yake mfalme Louis wa 7 wa Ufaransa, mama yake Eleanor wa Aquitaine. Huyu Eleanor ni mada ya siku nzima, aliachana na mfalme wa Ufaransa mwaka 1152 na mwaka huohuo akaolewa na Henry aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, na babu yake Eleanor, William wa 9 wa Aquitaine, ndo mshairi wa kwanza tunayemjua katika wale waimbaji wa kusini, matrubaduri. Kwaiyo mapenzi ya kuimba yalikuwa kwenye damu ya ukoo. Henri akafa 1181, mtoto bado mdogo, Marie akakalia kiti mwenyewe miaka kadhaa. Mwanamke, mjane, tajiri, amezungukwa na washairi. Unaona kwanini tulimchagua?

Sasa karibu na kasri hilo kulikuwa na padri mmoja anaitwa Andreas, aliandika kitabu kwa Kilatini miaka hiyohiyo ya 1180, kinaitwa De amore, ni kama mwongozo wa mapenzi. Ndani yake kuna kanuni 31, zimepigwa namba kabisa kama sheria za barabarani, alafu kuna hukumu 21 anazodai zilitolewa na mabibi wakubwa, Marie mwenyewe, mama yake Eleanor, Ermengarde wa Narbonne, na bibi wa Flanders. Huyu wa Flanders mshikeni hapo nitamrudia. Mwishoni padri anageuka, kitabu cha tatu chote anasema mapenzi ni upuuzi na wanawake ni shida, kama mtu aliyekesha kwenye disko alafu asubuhi anahubiri. Ila haikumsaidia, mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alikipiga marufuku kitabu chote.

Zisikilizeni hizi kanuni kwa masikio ya mtu anayetafuta vampaya. Kanuni ya 15, kila mpenzi akimuona mpenzi wake hupauka uso. Ya 23, anayesumbuliwa na fikra za mapenzi hula kidogo na kulala kidogo. Ya 13, mapenzi yakijulikana hadharani ni nadra kudumu. Sisi huku tunasema mapenzi ni kikohozi hayafichiki, wao wanasema yafiche la sivyo yatakufa. Haya nitajieni mtu aliyepauka, hali, halali usiku, na mambo yake anayafanya kwa siri. Mnaona? Ni kama padri alikuwa anaandika kitambulisho cha vampaya bila kujua.

Na sio kanuni tu. Matrubaduri walikuwa na aina ya wimbo inaitwa alba, maana yake alfajiri kwa lugha yao ya kusini, Kioksitani. Wapenzi wawili wamelala pamoja kwa siri, nje kuna mlinzi wa zamu au rafiki, anga linaanza kuwa jeupe, huyo wa nje anaimba amka ndugu kunakucha. Giraut de Bornelh ana moja maarufu ambapo rafiki amekesha nje usiku mzima anamuombea mwenzie na anamuita atoke, na mwenzie yuko ndani hataki kusikia habari za alfajiri. Yani watu wazima, manaiti wenye mapanga, wanaogopa jua. Nikisoma nilikuwa napiga meza.

Alafu kuna Lancelot. Chrétien de Troyes, jina lenyewe linakuambia wa wapi, aliandika stori ya naiti Lancelot na gari la aibu na anasema wazi mwanzoni kwamba Marie ndo kampa stori na maana yake, yeye kaweka kazi tu. Kuna usiku Lancelot anakwenda kwa malkia Guinevere, mke wa mfalme Arthur, dirisha lina nondo, anazing'oa kwa mikono, anajikata vidole na hata hasikii. Anaingia. Wanalala. Kabla hakujakucha anatoka, anarudisha nondo mahali pake kama hakuna aliyepita. Asubuhi shuka la malkia lina madoa ya damu. Chumba kilekile alikuwa amelala Kay, naiti wa mume wake, ana majeraha, basi kesi inamwangukia yeye, na malkia anasema eti ni puani, nilitoka damu ya pua. Jamani. Anakuja usiku, dirishani, damu kwenye shuka, anaondoka kabla ya jua. Unahitaji nini zaidi?

Kwaiyo kosa letu lilikuwa la kueleweka. Mpenzi ananukia uvampaya kila kona, tukamfanya vampaya, yeye na bibi yake na korti nzima. Na ndo maana ilikuwa inachosha. Kila mtu mzuri, kila mtu amepauka, kila mtu anaimba, hakuna wa kumuogopa.

Sasa nikageuka upande wa pili, nikauliza enzi hizo waliogopa nini hasa usiku. Neno vampaya lenyewe halikuwepo kule, lilienea Ulaya magharibi miaka ya 1720 na 1730 baada ya maofisa wa Austria kuandika ripoti kutoka vijiji vya Serbia, ya Petar Blagojević mwaka 1725 na ya Arnold Paole mwaka 1732. Na kabla mtu hajaniambia, najua sisi tuna mumiani, bibi yangu alinitisha nae mpaka nikawa nalala na viatu, lakini mumiani ni mtu mzima ana pumzi zake, anakuja kuchukua damu akafanyie dawa au biashara. Hawa ninaowasema ni maiti. Maiti anayetoka kaburini kwa miguu yake. Ndo maana sitawaita mumiani, tusije tukachanganya mambo.

Yupo padri wa Yorkshire, Uingereza, William wa Newburgh, mtu makini tu, anaandika historia ya wafalme na vita mpaka mwaka 1198. Katikati ya mambo ya wafalme anasimama, anasema kuna habari za wafu kutembea ambazo asingeziamini kama mashahidi wa wakati wake wasingekuwa wengi, alafu anazitoa nne mfululizo. Moja naomba niisimulie yote, muda ninao.

Kuna mtu alikuwa na tabia mbaya, akakimbia kwao Yorkshire akaenda kujipendekeza kwa bwana wa ngome anayoiita Anantis, akapata kazi, akaoa. Baada ya muda umbea ukamfikia kwamba mkeo ana mtu. Akamuaga mke, nasafiri siku kadhaa. Jioni akarudi kwa siri, kijakazi mmoja akamsaidia, akapanda juu ya boriti ya paa, juu kabisa ya kitanda, akajilaza pale kimya kama mjusi. Usiku kijana jirani akaja kweli. Mume akaona yote. Kwa hasira akasahau yuko wapi, akateleza, pu! chini sakafuni pembeni yao. Kijana akatoka mbio. Mke akamsaidia mumewe kuinuka kwa upole, mume anamtukana, mke anamwambia pole mume wangu huo ni ugonjwa unakusemesha. Akaugua kweli kwa ule mwanguko. Padri aliyemsimulia William alikwenda kumuona, akamwambia ungama, pokea komunyo, akajibu kesho. Usiku huo akafa.

Wakamzika kikristo. Usiku anatoka. Anazunguka mitaani na kundi la mbwa wanabweka nyuma yake, watu wanafunga milango toka jioni mpaka jua litoke, ugonjwa ukaingia, nyumba zinabaki tupu, waliobaki wanahama. Jumapili ya Matawi padri akaita watu wenye hekima wale chakula wajadili cha kufanya. Wao wanakula, vijana wawili ndugu waliofiwa na baba yao kwa ugonjwa huo wakasema sisi tunasubiri nini, wakachukua jembe butu wakaenda makaburini. Hawakuchimba sana, wakamkuta, amevimba, uso mwekundu umefura, sanda imechanika. Mmoja akampiga na jembe. Ikatoka damu nyingi mpaka wakaelewa kwamba huyu alikuwa anafyonza damu za watu wengi, na neno la William ni sanguisuga, mnyonya damu, ruba. Wakamburuta nje ya kijiji wakawasha moto, mmoja akasema haungui huyu mpaka moyo utoke, wakampasua ubavu, wakautoa moyo wakauchanachana, wakachoma kila kitu. Ndo wale wenye hekima wakafika wakakuta moshi, hewa ikasafika.

Mimi hii stori niliisoma saa sita usiku nikanyanyua macho kuangalia dari.

Lakini angalia vizuri nani ni nani. Hii ni stori ya mapenzi ya kasri! Yumo mke, yumo kijana anayekuja usiku kwa siri, yumo mume mwenye wivu ambaye matrubaduri walimwita gilos, na umbea nao upo, wao walikuwa na neno kabisa, lauzengier, yani wale wambea wa kasri wanaopeleka maneno, sisi taarabu isingekuwepo bila watu hawa. Ukimpa trubaduri mkasa huu angeutungia wimbo wa kuchekesha, mume kaanguka toka darini. Na watu wa kijijini wanakuambia aliyekufa akarudi kunyonya damu ni nani? Ni mume. Kijana alikimbia na hakuna aliyemuuliza tena.

Nikadhani ni bahati tu. Nikasoma nyingine ya William, ya Buckinghamshire, mtu amekufa, usiku wa kwanza baada ya kuzikwa anaingia chumbani kwa mkewe anamlalia juu karibu amuue kwa uzito. Usiku wa pili hivyo. Mume tena! Hiyo iliisha kistaarabu, watu walitaka kumchoma kama ilivyokuwa desturi, Hugh askofu wa Lincoln akaona ni aibu, akaandika barua ya kumsamehe dhambi zake, kaburi likafunguliwa, barua ikawekwa kifuani kwake, akatulia. Naipenda hii sana, maiti anasumbua watu alafu dawa yake ni barua ya ofisi.

Na washairi wa mapenzi wenyewe walikuwa wanajua upande wa hatari uko wapi. Marie de France, huyu ni Marie mwingine msichanganye, ana stori ya bibi kijana kafungiwa mnarani na mume mzee mwenye wivu, mpenzi wake anakuja dirishani kwa umbo la ndege mwewe, anageuka naiti. Cha kwanza bibi anachomwambia ni kama unamwamini Mungu sawa, na yule naiti anakubali padri aletwe, anapokea komunyo mbele ya macho yetu sisi wasomaji. Yani mwandishi amechukua tahadhari kabisa, mpenzi kapimwa, sio shetani. Na nani anaweka vyuma vyenye ncha dirishani mpaka mpenzi anachomwa na damu inalowesha shuka? Mume. Silaha ambayo sisi tunampigia vampaya, wao walimpa mume ampigie mpenzi.

Wapo na hao wanaosimulia kuhusu trubaduri Guillem de Cabestany, hii ni hadithi sio historia lakini iliandikwa zama hizohizo za kati na ikapendwa, kwamba mume wa bibi aliyekuwa anamuimba alimuua, akautoa moyo, akaupika, akampa mkewe ale. Mke akaambiwa ulichokula ni moyo wa fulani, akasema basi baada ya chakula hiki sitakula kingine tena, akajirusha toka juu. Mpishi wa nyama ya mtu humo ndani ni nani? Sitaki kujirudia.

Sasa nirudi kwa bibi wa Flanders, nilisema mumshike. Aliitwa Elisabeth wa Vermandois, kwenye kitabu cha padri Andreas ni mmoja wa majaji wa mapenzi, anatoa hukumu tamu tamu. Mumewe alikuwa Philip wa Flanders, huyohuyo ambaye baadae alimpa Chrétien kazi ya kuandika stori ya Perceval, mtu wa uungwana kweli. Waandishi wa wakati ule wanasema mwaka 1175 alimshuku naiti mmoja, Walter de Fontaines, kuwa na mkewe, na aliamuru apigwe marungu, alafu akatundikwa miguu juu kichwa chini kwenye shimo la choo mpaka akafa. Kwenye choo. Hapo ndo nilielewa kwanini mashairi yote yale yanaficha jina la bibi, washairi wengi wanamuita mpenzi wao kwa jina la fumbo. Tulizoea kuona mafumbo ni urembo wa ushairi, kumbe yalikuwa bima ya maisha.

Na chukueni tarehe hii. Kwenye kitabu cha Andreas kuna barua ya Marie, imeandikwa tarehe 1 Mei 1174, anajibu swali la watu wawili waliobishana kama mapenzi yanawezekana kati ya mume na mke. Anajibu hapana, hayawezekani. Wapenzi wanapeana kila kitu kwa hiari, wanandoa wanapeana kwa wajibu. Na sababu nyingine anayotoa ndo ilinifanya nikae chini: anasema wivu wa kweli haupo kati ya mume na mke, na pasipo wivu hakuna mapenzi. Kanuni ya 2 inasema hivyohivyo, asiye na wivu hawezi kupenda.

Wivu haupo kwa mume! Barua ni Mei 1174, mwaka unaofuata Walter de Fontaines kichwa chini kwenye choo. Na miaka ishirini na nne baada ya barua, William anamalizia kitabu chake na yule mume wa Anantis katoka kaburini na mbwa nyuma.

Wanahistoria wengi hawaamini kwamba korti hizi za mapenzi zilikaa kweli kama mahakama, wanaona ni mchezo wa maneno, watu wa kasri wanajifurahisha jioni, na mimi nakubaliana nao. Lakini mchezo nao una chanzo. Unakaa kwenye ukumbi unasema ndoa haina wivu kwasababu nje ya ukumbi wivu wa ndoa unaua watu. Baadae sana ilikuja korti ya mapenzi ya kwenye karatasi kabisa, Paris, mwaka 1400, siku ya Valentino, chini ya mfalme Charles wa 6, tauni imewafungia watu ndani wakatafuta pa kupitishia muda. Ina katiba, ina mkuu anaitwa Mwana wa Mfalme wa Mapenzi, ina wanachama kwa mamia na ngao zao zimechorwa kwenye kitabu. Adhabu ya anayewavunjia heshima wanawake ni ngao yake kupakwa rangi ya majivu, jina linabaki ili kila mtu ajue ni ya nani. Tauni nje, mashairi ndani. Ukitaka korti ya mavampaya hiyo hapo imeshajengwa, na kuanzia 1174 mpaka 1400 kitu ni kilekile, watu wanaimba kwasababu ya kinachotembea nje.

Nisisahau manaiti wenyewe, manake mtaniuliza naiti anageukaje kuwa mfu anayetembea. Kanisa liliwapa njia bila kukusudia. Mashindano ya mikuki, yale ya kumuonyesha bibi ushujaa, yalipigwa marufuku na mtaguso wa Laterano, yani mkutano mkuu wa maaskofu kule Roma, wa 1139 na tena wa 1179, na aliyekufa humo aliruhusiwa kutubu lakini kuzikwa kikanisa akanyimwa. Umekufa kwa ajili ya kitambaa alichokupa bibi na huna kaburi takatifu. Mwandishi wa gemu anataka nini tena? Na mtaguso huohuo wa 1179 alihudhuria Walter Map, mtumishi wa kasri la mfalme wa Uingereza, akiwa njiani akapokelewa na Henri wa Champagne, mume wa Marie. Walter Map ndo mtu aliyekusanya stori za wafu zaidi ya kumi na mbili mfukoni, sorry, nimetia chumvi, chache lakini kali, mmoja wa mpakani na Wales anapita usiku anaita watu kwa majina na aliyeitwa anaugua siku tatu anakufa, mpaka naiti mmoja aliyeitwa akamkimbiza na upanga akampasua kichwa mlangoni mwa kaburi. Huyu bwana alikaa mezani kwa Henri. Siwezi kuwaambia waliongea nini wakati wa chakula, lakini kwenye gemu letu sasa hivi wanaongea hilo kila Jumamosi.

Eee, tulirudi mezani. Tukabadilisha kila kitu. Wapenzi wote wakawa watu hai, wenye njaa, wenye mafua, wanaogopa. Bibi wa Troyes, tuliyempa jina letu wenyewe, akawa hai. Mfu tukabakisha mmoja tu, mume wake, yuko juu ya boriti ya ukumbi. Kesi zinasikilizwa chini yake. Kila mtu anajua yupo na adabu ya kasri inakataza kutazama juu. Nyie mnacheka, lakini ile Jumamosi ya kwanza hakuna aliyesinzia, jamaa yuleyule wa dadu alikuwa anaongea kwa kunong'ona nyumbani kwake mwenyewe.

Alafu wiki mbili zilizopita yule mume akashuka. Mwongoza stori hakutuambia mapema. Akashuka katikati ya ukumbi, akapiga goti mbele ya kiti cha mkewe kama naiti yoyote, akaleta kesi. Anasema: kifo kimevunja ndoa yetu, mimi sio mume tena. Nakuja kwako usiku tu, kwa siri. Uso wangu umepauka. Sili, silali. Wivu wangu hakuna anayeupinga, ushahidi ni kaburi langu. Alfajiri ikikaribia lazima niondoke na inaniuma. Someni kanuni zenu moja moja kisha mniambie ni nani humu ndani anayestahili kuitwa mpenzi kuliko mimi.

Tulibishana mpaka saa tisa usiku. Mmoja akaleta kanuni ya 7, inayosema mpenzi akifa aliyebaki akae miaka miwili ya ujane, mume akajibu basi hesabuni, miezi kumi na nne imepita, nitasubiri kumi iliyobaki, mimi muda sio shida yangu. Mwingine akasema wewe ni mnyonya damu, akajibu nani kati yenu hajaandika shairi la kuomba kufa kwa ajili ya bibi. Kimya. Mwishowe tukasema basi aulizwe bibi mwenyewe, manake barua ya Marie inasema wapenzi wanapeana kwa hiari. Dada anayemcheza bibi akatutazama, akatazama boriti iliyo tupu, akasema anaomba wiki mbili afikirie.

Ni Jumamosi hii. Chai naona imeshafika, maswali tutaulizana tukiwa tunakunywa.